Turubai la Charambe

Kama unayasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, mtoto amekulalia mapajani na kile kikaratasi cha namba kimelowa jasho mkononi mwako, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Nakodisha maturubai na viti hapa Tandika, Temeke. Harusi yako nitakuwekea kivuli, msiba wako pia, na viti ni vilevile vyeupe. Nitakueleza tulivyopita mimi, mke wangu Somoe na binti yetu Hawa, ili pale nilipojikwaa mimi wewe uruke.

Hawa alikuwa na miaka kumi na moja na alikuwa bingwa wa rede mtaa mzima. Mpira haukumgusa. Goti lake la kushoto lilipovimba, msimu wa maembe, nilisema kaanguka kwenye rede. Tukamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Maembe yakaisha, goti likabaki palepale. Dada yangu akaleta mafuta kutoka kwa fundi wa mifupa, tukapaka. Somoe alinisihi twende hospitali. Nikamjibu, "Goti tu hilo, usituletee uchuro." Tulikwenda masika ilipoanza, na daktari aliponiuliza uvimbe una muda gani nilitazama sakafu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na nalitaja kwa sauti, maana nimewaona kina baba wengi wakilificha. Uvimbe usiopungua mpeleke mtoto akaonwe. Usisubiri matunda ya msimu wa pili.

Wakasema ni saratani ya mfupa. Tangu hapo tukaacha kuhesabu miezi, tukahesabu dripu. Kwenye benchi la wodi ya watoto watu hawajuani kwa majina. "Nyie ya ngapi?" "Ya tatu. Nyie?" "Leo ndo ya kwanza." Anayesema ya kwanza husogezewa nafasi. Alikuwepo mama mmoja wa Singida aliyekuwa anakuja na chupa kubwa ya uji wa ulezi, anamimina kwenye kifuniko na kukipitisha benchi zima, kila mtu fundo moja, na kifuniko kinarudi kwake kikavu. Siku mwanawe alipohamishiwa kwingine na yeye akaacha kuja, benchi lilipooza. Mpaka leo sijui jina lake.

Dripu ya pili nywele za Hawa zilibaki kwenye mto. Alizikusanya mwenyewe, akazifunga kwenye kipande cha kanga na kumpa mama yake amtunzie. Dripu ya tatu kucha zikawa nyeusi, midomo ikachanika, na hata maji ya kunywa yakawa yanamuunguza. Jasho lake lilinuka dawa. Nilikuwa nikimbeba kutoka bafuni naona nimebeba mtoto wa miaka sita. Kipupwe kilipoingia wakaukata mguu, juu ya goti. Nilikaa siku nzima nje ya chumba cha upasuaji nikitafuta maneno ya kumwambia akizinduka, sikuyapata. Akazinduka, akatazama shuka lilivyolala. Kisha akasema, "Baba, viatu vyangu saivi nusu bei." Nilitoka nje. Nililia kama mtoto, na katikati ya kilio nikajikuta nacheka.

Nyumbani kwetu hali haikuwa ya kuchekesha. Somoe alikuwa hasemi nami. Tulikaa chumba kimoja na sebule, na maneno yake kwangu yakawa yanapitia kwa mgonjwa: "Hawa, mwambie baba yako chai ipo mezani." Hawa anageuza shingo, "Baba, chai ipo mezani," na mimi nimeketi hapo hapo, nimesikia mara mbili. Nilijua ananilipizia ile miezi ya mafuta. Ugonjwa wa mtoto unaingia na ndani ya ndoa, na usidanganyike kwamba mapenzi yanatosha. Kinachosaidia ni mmoja kukubali kukaa kwenye kosa lake bila kujibu. Nilijibu sana kabla sijajifunza.

Vuli tulimaliza dripu ya nane, Somoe akapika biriani na majirani wakala. Joto la baada ya mwaka mpya likaja na kikohozi. Safari hii daktari hakutupa tarehe ya dripu. Alisema saratani imefika mapafuni, na kwamba sasa kazi ni kumwondolea maumivu, akatuandikia barua ya kwenda kwenye nyumba moja huko Charambe, ya kuhudumia watoto wenye maradhi mazito. Nilikuwa naijua. Watu wa kazi yangu wote wanaijua. Mtaani wanaiita nyumba ya kufia.

Niliichana ile barua. Siku mbili Hawa alilia mfululizo, mgongo na kifua, analia mpaka sauti inakauka anabaki kufungua mdomo tu. Siku ya tatu Somoe akageuka akasema na mimi moja kwa moja, mara ya kwanza tangu mguu ukatwe. "Mwanangu anateketea, wewe unaogopa jina la nyumba? Mie nakwenda. Ukitaka baki na jina lako." Alikuwa ameviokota vile vipande vya barua na kuvigandisha kwa gundi ya daftari. Nikawasha kirikuu yangu, kigari cha kubebea viti, nikawapeleka.

Tulipokelewa na Sista Agripina, nesi mnene mwenyeji wa Bukoba, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Akampa Hawa dawa ya maji kijiko kimoja, akakaa naye. Hawa akalala. Alilala mchana kutwa, mwili umelegea, na alipoamka aliomba chipsi mayai. Unanielewa? Mtoto ambaye kwa wiki tatu alikuwa hamezi hata uji, aliomba chipsi mayai. Nilikimbia kuzifuata kituoni Rangi Tatu na njia nzima nilikuwa najitukana. Hii nyumba niliyoikimbia kwa ajili ya kifo ndiyo iliyomrudishia binti yangu hamu ya kula. Nakuomba, wewe unayesoma, ukipewa barua ya namna hiyo usiichane.

Vitanda vilikuwa vinane. Wengine walikuja wakakaa wiki, wakatulia, wakarudi makwao na chupa zao za dawa. Wengine hawakurudi. Hawa akawa mwenyeji pale ndani ya siku chache tu, anajua nani anaogopa sindano na nani anaficha vidonge chini ya godoro.

Kisha Sista akatukusanya wazazi barazani. Nyumba ile iliendeshwa kwa misaada, na mfadhili mkubwa aliyekuwa akileta chakula na gesi ya kupikia na kulipia manesi wa zamu alikuwa amejitoa. "Sitawaficha," alisema. "Mwisho wa mwezi tunafunga vitanda. Watoto watakuja mchana kuchukua dawa, watalala makwao." Somoe alinitazama. Wote wawili tulikuwa tunakiona chumba chetu cha Tandika, Hawa amebanwa kifua, hakuna nesi, hakuna Sista.

Nikasema, kama kuna mtu Temeke hii anajua watu wanavyochangiana, ni mimi. Nimekaa kwenye vikao vya kamati za harusi visivyohesabika. Nimeona mtu asiye na kitanda akiahidi kreti za soda. Basi nikazunguka mtaani kwetu nyumba kwa nyumba, nikaeleza: kuna watoto, kuna vitanda, wanahitaji chakula na gesi. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa pole. Halafu jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, akanishika bega akasema, "Usijali, Baba Hawa. Siku ikifika tupo." Nikaenda kwa wa pili. "Siku ikifika hatutakuangusha." Wa tatu hivyo hivyo. Mtaa mzima ulikuwa tayari kunizikia mwanangu, na hakuna aliyekuwa tayari kumlisha.

Sikuwachukia. Sisi ndivyo tulivyo: kwa harusi tunachanga, kwa msiba tunachanga, hapo katikati kila mtu na lwake. Hata mimi nisingetoa. Nilirudi mikono mitupu, nimejiinamia.

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni turubai. Ile nyumba ilikuwa na bati kali na haina mti. Ikifika saa tano watoto wanatokota ndani, na nje jua haliwapi nafasi. Nikapakia turubai langu kubwa, la bluu na mistari myeupe, nikaenda kulisimamisha mbele ya nyumba. Nilipiga vigingi, nikakaza kamba. Na kwa kuwa mikono yangu imezoea, nikashusha na viti thelathini nikavipanga safu mbili zinazotazamana. Sikufikiri. Turubai langu halijawahi kutoka bila viti.

Hawa alitolewa nje, akakalishwa kwenye kiti chake cha magurudumu kivulini, akapepewa. "Baba," akasema, "mbona umepanga kama msiba?" Nikamwambia anyamaze apunge upepo.

Haikufika saa sita. Nilisikia kilio cha mwanamke getini, kile cha kutoka tumboni, halafu cha pili. Wakaingia kina mama kumi na wengine nyuma yao, kanga vichwani, mikeka kwapani, sufuria mbili za kupikia shughuli, kuni, mchele, unga, vitunguu, ndoo ya mafuta. Mbele yao Bi Tatu, muuza samaki wa kukaanga, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha mtaa ule. Kina baba watatu wakafuata, wakatoa salamu kwa sauti ya chini, wakaketi kwenye viti vyangu na kuinamisha vichwa.

Nilisimama pale na nyundo mkononi. Kila mtu aliyepita barabarani alikuwa ameona turubai, ameona viti vinatazamana, ameijua nyumba. Angefikiri nini kingine?

Hawa aliwatazama wote. Kifua chake kilikuwa hakimpi pumzi ya maneno mengi, lakini sauti ilitoka. "Shikamooni. Nani kafariki?"

Bi Tatu akakata kilio katikati. "Marahaba mwanangu. Si ndo tumekuja kuwauliza nyie?"

"Hapa hajafa mtu," Hawa akasema. "Ila njaa ipo."

Sista Agripina alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanamtikisika. Bi Tatu akanigeukia mimi mwenye nyundo. "We baba! Turubai la nini?"

"Kivuli, mama."

"Kivuli na viti thelathini? Umetutoa makwetu, nimeacha samaki jikoni, nimelia njia nzima, we unaweka kivuli?" Alikuwa amekasirika kweli, na machozi ya kilio cha mwanzo yalikuwa bado yanamtiririka. Wale kina baba watatu hawakujua kama wasimame au waendelee kukaa. Nikaomba radhi, nikajikanyaga maneno, nikataka kuvikunja viti.

Mama mmoja akasema basi wabebe vitu warudi. Bi Tatu akamkatiza. "Virudi wapi? Chakula kikishatolewa kwa msiba hakirudi ndani ya nyumba. Ni nuksi hiyo. Utakula wewe?" Hakuna aliyekubali kula. Akakizungusha kidole hewani akitafuta pa kuweka hasira yake, jicho likatua tena kwa Hawa, kwenye kichwa kisicho na nywele na mguu mmoja. Akajifunga kanga kiunoni. "Haya. Mafiga wapi?"

Walipika. Siku ile watoto wa nyumba ya kufia walikula wali wa nazi mpaka Sista akapiga marufuku kuongeza. Kina mama walikaa mpaka alasiri, kwa sababu waliokuja msibani hawaondoki upesi, na katika kukaa ndipo walipoona. Walikuwa wakipita nje ya geti lile miaka yote wakiharakisha hatua. Sasa walimwona mtoto anakunywa dawa na kulala. Walimwona mwingine anacheka. Bi Tatu aliketi karibu na Hawa, na nilimsikia akimwuliza, "Inauma sana?" Hawa akamjibu, "Nikiwa huku haiumi. Nyumbani ndo iliuma."

Wiki iliyofuata kikundi chao kilifanya kikao chini ya turubai langu. Bi Tatu alisimama akasema kwamba katiba yao inasema watachanga mtu akifa, na yeye anataka waongeze mstari wa kumlisha aliye hai. Yakazuka mabishano. Mmoja akauliza wakitoa sasa, siku ikifika watatoa nini? Bi Tatu akasema, "Siku ikifika nitalia. Kulia bure." Mstari ukaongezwa. Wakagawana siku za kupika. Muuza nyama wa Rangi Tatu akaanza kuleta mifupa ya supu kila Alhamisi, madereva wa bodaboda wakajipanga kubeba gesi. Mimi nikawa nawaambia wenye harusi wote wanaokodi kwangu: kabla ya bwana harusi kuonja, sinia moja ni la Charambe. Walikubali, na wengine wakaongeza keki. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, na vitanda havikufungwa. Nilijivuna, sitaki kusema uongo. Nilimwangalia binti yangu aliyeanzisha yote kwa maneno sita, nikatembea mtaani kifua mbele.

Somoe naye siku moja akaniambia, "Chai ipo mezani." Hakumtuma mtu.

Masika ikanyesha, ikaisha, msimu wa harusi ukaja. Mteja mkubwa wa Sinza alitaka lile turubai la bluu hasa, na jingine dogo nililonalo lilikuwa limeshachukuliwa. Nilihitaji kazi ile. Nikaenda Charambe asubuhi, nikaanza kulegeza kamba. Hawa alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Kufikia hapo alikuwa hatoki tena, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kijiko. Akaniita.

"Baba, unaanua?"

"Siku mbili tu, mama. Nitalirudisha."

"Si wewe ulisemaga," akapumua, "turubai likishaanuliwa watu wanakwenda zao?"

Ni kweli, nimelisema hilo maisha yangu yote. Msibani watu hukaa mpaka turubai linaposhuka. Likishuka hata aliyekuwa hajamaliza chai anaaga. Nikamwambia wale kina mama hawataondoka, wamezoea. Akanitazama kwa macho yale makubwa yaliyobaki usoni. "Niahidi, Baba. Lisitoke."

Nikaahidi. Nikakaza kamba upya. Yule wa Sinza nikamwelekeza kwa Massawe, mshindani wangu, mtu niliyekuwa sisalimiani naye kwa sababu ya wateja. Hicho kilinichoma kuliko kuikosa kazi yenyewe.

Hawa alituacha asubuhi moja ya kipupwe, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, Sista amemshika mguu. Hakuwa na maumivu. Naandika tena kwa ajili yako: hakuwa na maumivu. Alimwambia mama yake ile kanga yenye nywele sasa aitupe, haihitaji. Somoe hajaitupa.

Ndugu walijaa Tandika kwa mazishi, jua linapanda, watu wamesimama kwenye uchochoro bila kivuli. Turubai langu dogo lilikuwa harusini. Kaka yangu akasema, "Si kuna lile la Charambe? Nipe funguo za kirikuu nikalifuate." Nikamwambia hapana. Akadhani huzuni imenivuruga akili. "Mwenye maturubai akose turubai la mwanawe? Watu watasema nini?" Nikamwambia waseme. Nikavaa kandambili, nikaenda mwenyewe kwa Massawe.

Alikuwa anaosha viti. Aliponiona akanyanyuka polepole. Nikamwambia, "Nimefiwa na Hawa. Naomba unikodishie turubai." Hakuuliza langu liko wapi. Habari za ahadi yangu, kumbe, wale kina mama walishazieneza mpaka kwake. Alikuja mwenyewe na nyundo, Mchaga mkubwa yule, anapiga vigingi uchochoroni kwangu huku machozi yanamdondoka kwenye kamba. Bi Tatu alikuja na kikundi chake. Kama alivyoahidi, alilia, na alilia kweli. Majirani zangu nao walikuwepo wote, hawakuniangusha. Rambirambi walizoleta Somoe alizifunga kwenye kanga na kumkabidhi Sista Agripina mbele yao. Kuna walioinamisha macho.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Massawe alikuja kuanua turubai lake. Nilimsaidia kulikunja, tukalipakia. Nikamwuliza nimlipe nini. Akafunga mlango wa gari. "Panda," akasema. "Tunalipeleka Charambe. Moja halitoshi kule, watoto wa upande wa pili wanaungua."

Tulilisimamisha ubavuni mwa lile la bluu, yeye kamba, mimi vigingi. Hatujamaliza kigingi cha mwisho, akasimama getini mama mmoja mgeni, kikapu mkononi, ameshavuta kanga kichwani na sauti ameishusha.

"Poleni jamani. Nani tena?"

Massawe akanitazama, akaniachia mimi nijibu. Nilikuwa nimemzika mwanangu siku tatu zilizopita. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikamsogezea kiti.

"Hapa hajafa mtu, mama," nikamwambia. "Ila njaa ipo."